Maji hayapati moto kwenye kempa isiyo na umeme: tafuta joto linapopotelea

Mtu anayelala kwenye kempa ndogo (gari la kulalia safarini) isiyo na umeme akikosa maji ya moto, lawama ya kwanza huiangukia hita, au jiko, au ule mfuko mweusi aliouanika juani. Mara nyingi vyombo hivyo havina kosa. Joto lilipatikana, ila likapotelea njiani: limechukuliwa na upepo, limegawanywa kwenye maji mengi kupita uwezo wake, au limebaki juu ya mfuko huku mpira ukitoa maji ya baridi ya chini. Kwa hiyo kabla hujafungua skrubu hata moja, jiulize maswali matatu. Joto limepatikana? Limeingia kwenye maji? Likishaingia, nini kimelishika lisitoroke? Ukijua jibu linakwamia wapi, umeshapunguza kazi zaidi ya nusu.

Kabla ya kulaumu chombo, piga hesabu

Lita 1 ya maji inahitaji kilojuli 4.2 hivi ili ipande nyuzi 1. Kuoga kwenye kempa kwa mtu asiyechezea maji ni lita 10 zenye nyuzi 40. Kama maji yako ya tangi yana nyuzi 15, unahitaji kilojuli 1,050 hivi. Kilo 1 ya gesi ya kupikia ina megajuli 46 hivi, lakini jiko dogo hupeleka kama nusu tu kwenye sufuria, nusu nyingine huenda hewani. Ukizijumlisha unapata gramu 46 za gesi kwa kila kuoga. Kimtungi cha gramu 230 kinatosha mara 5. Watu wawili wakioga kila siku, siku ya tatu mmoja ataoga maji baridi, na hapo hakuna kilichoharibika.

Si lazima kuchemsha lita zote 10. Chemsha lita 3, zimimine kwenye lita 7 za nyuzi 15, utapata nyuzi 40. Tanguliza maji baridi kwenye ndoo, kisha ya moto, ili plastiki isilegee na mvuke usikurukie mkononi. Ukiwa milimani kumbuka kwamba maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100: kila mita 300 za kupanda hupunguza nyuzi 1 hivi. Kwenye mita 3,000 maji yanayochemka yana nyuzi 90 tu, na mchanganyiko uleule wa 3 kwa 7 utakupa nyuzi 37 na nusu. Kwa mtu aliyesimama uchi nje asubuhi, tofauti hiyo inasikika. Ongeza nusu lita ya moto, punguza nusu ya baridi.

Sufuria inakaa jikoni muda mrefu na gesi inaisha upesi

Jiko la kilowati 2 likifanya kazi vizuri huchemsha lita 3 kwa dakika 18 hivi. Ukiona umefika nusu saa, angalia mfuniko kwanza. Maji yasiyofunikwa hutoa mvuke, na mvuke unaondoka na joto jingi kuliko watu wanavyodhani. Kisha angalia moto wenyewe: ukiona unapanda ubavuni mwa sufuria, umefungua gesi kupita ukubwa wa kitako. Punguza mpaka moto ubaki chini ya kitako. Maji yatachelewa kidogo, lakini gesi utakayookoa ni nyingi.

Upepo ndio mwizi mkubwa. Hata ule usiotikisa majani unaweza kuinamisha moto upande mmoja. Weka kinga, lakini kama jiko lako hukaa juu ya kimtungi chenyewe, usilizungushie kinga pande zote: joto likirudi chini, mtungi hupata moto na unaweza kulipuka. Acha upande mmoja wazi, na gusa mtungi kila baada ya muda. Ukiusikia una moto mkononi, zima.

Moto ni mkubwa jioni, asubuhi ya baridi unafifia

Gesi iliyo mtungini ni kimiminika, na lazima igeuke kuwa hewa ndipo itoke. Butani huacha kugeuka ikifika karibu nyuzi 0 (huchemka kwenye nyuzi -0.5), propani huendelea hadi nyuzi -42. Mtungi wenye butani tupu ukilala nje usiku wa baridi, asubuhi utautikisa na kusikia kimiminika kinachezacheza ndani, lakini jikoni hakuna moto. Haujaisha. Uingize kwenye maji ya vuguvugu ya kuogea mikono, au hamia kwenye mchanganyiko wenye propani nyingi. Usiuchome kwa moto wala kuumwagia maji yanayochemka.

Kuna sura ya pili ya tatizo hilihili, nayo huwachanganya wengi kwa sababu hutokea hata siku yenye joto. Hita kubwa inavuta gesi haraka, na gesi inapogeuka hewa hunyonya joto la mtungi. Utaona mtungi unatoka jasho, kisha ukungu mweupe wa barafu unajichora kwa nje, ukionyesha mstari wa mahali gesi iliyobaki inapofikia. Kadiri mtungi unavyopoa ndivyo gesi inavyotoka kidogo, na maji yanarudi kuwa vuguvugu katikati ya kuoga. Dawa ni mtungi mkubwa zaidi. Hita ya kilowati 12 hula karibu gramu 900 kwa saa, na kimtungi cha kambini hakikutengenezwa kwa kasi hiyo.

Mfuko mweusi umekaa juani, maji bado ni vuguvugu

Jua kali la saa sita mchana hutoa wati 1,000 hivi kwa kila mita ya mraba. Mfuko wa lita 20 wenye maji lita 10 ukiulaza una eneo la mita ya mraba 0.2 hivi, basi unapata wati 200, na labda 120 ndizo zinazoingia kwenye maji. Kwa hesabu ya juu unahitaji saa 2 na nusu za jua safi, na zaidi jua likiwa limeinama. Ukiujaza lita 20 kwenye mfuko uleule uliovimba badala ya kutandazika, umeongeza maji bila kuongeza eneo la kupokea jua. Hapo ndipo kosa la wengi lilipo. Jaza nusu.

Mahali unapouweka ni jambo la pili. Mfuko unaoning'inia kwenye tawi unapigwa na upepo pande zote mbili na kuliangalia jua kwa ubavu. Ulaze, chini yake weka godoro jembamba la sponji au koti kuukuu. Hewa ikiwa ya baridi lakini jua lipo, ulaze ndani ya gari kwenye dashibodi nyuma ya kioo cha mbele. Kioo kinapitisha jua na kuzuia upepo, na tofauti utaiona.

Ukiutundika kuoga, fungua mpira kwanza uumwage mbali na mwili. Mpira uliolala juani una maji kidogo yanayoweza kuunguza, na baada ya hayo yanaweza kufuata ya baridi kutoka chini ya mfuko, kwa sababu maji ya moto hupanda juu. Ugeuzegeuze mfuko mara kadhaa kabla ya kuutundika ili maji yachanganyike.

Bomba jeusi la juu ya paa halipati joto safarini

Bomba lenye kipenyo cha sentimita 10 hubeba karibu lita 8 kwa kila mita, kwa hiyo la mita 2 lina lita 15 hivi na uzito wa zaidi ya kilo 15. Wenye nalo hulalamika kwamba limekaa juani kutwa nzima, wamefika kambini jioni, maji baridi. Kilichotokea ni upepo wa barabarani: gari likienda kasi, hewa huondoa joto haraka kama jua linavyolileta. Bomba hufanya kazi gari likiwa limeegeshwa. Ukitaka lifanye kazi hata safarini, lifunike kwa plastiki ngumu inayopitisha mwanga na uache nafasi ya hewa katikati.

Kama unalijaza upepo kwa pampu ya baiskeli ili maji yatoke kwa nguvu, lazima liwe na vali ya usalama inayoachia presha ikizidi. Plastiki ikipata moto hudhoofika, na hewa iliyofungiwa juani hupanuka. Bomba likipasuka, hewa iliyobanwa humtupia vipande aliye karibu.

Hita ya gesi ya papo hapo haiwaki, au inawaka na kuzimika

Hapa nitakaa kidogo, maana hita hizi ndizo zinazorudishwa dukani zikiwa nzima. Ni zile zinazotundikwa nje, zinazowashwa kwa betri mbili za tochi. Ndani yake kuna kiwambo cha mpira. Maji yakipita kwa nguvu ya kutosha yanakisukuma, kinafungua gesi na kuamsha cheche. Maji yasipokuwa na nguvu, gesi haifunguki. Ndivyo ilivyoundwa ili isiungue ikiwa tupu.

Husikii cheche kabisa? Badilisha betri, kisha usafishe vichuma vinavyozigusa kama vina kutu ya kijani. Bado kimya? Basi ni nguvu ya maji. Kila mita 1 ya mwinuko hutoa presha ya bari 0.1 tu. Tangi likiwa kwenye paa na hita imetundikwa usawa wa kifua, tofauti ni chini ya mita moja, na hita nyingi hazitaamka kwa presha hiyo. Angalia pia kichujio kidogo cha waya mahali maji yanapoingilia. Kifungue, kitazame kwenye mwanga. Punje chache za mchanga zinatosha kuizuia hita isiwake. Kichwa cha bafu chenye matundu membamba nacho hubana maji kwa upande wa pili: kitoe, ujaribu kwa mpira mtupu. Ikiwaka, umempata mhalifu.

Cheche zinalia ta-ta-ta lakini moto haushiki? Kama umebadilisha mtungi sasa hivi, mpira wa gesi umejaa hewa. Funga maji, subiri kidogo gesi iliyotoka ipeperuke, jaribu tena. Ikishindikana mara tatu, angalia regyuleta. Presha yake iwe ile iliyoandikwa kwenye kibati cha hita, ambayo kwa kawaida ni karibu milibari 30. Regyuleta ya presha kubwa ya majiko ya nje si mbadala wake. Inaweza kutoa moto unaoruka nje ya hita.

Inawaka na kuzimika kila sekunde chache? Mara nyingi ni pampu ya mguu au ya mkono. Kila ukikanyaga maji yanaruka, ukiinua mguu yanakatika, na hita inafuata mwendo huohuo. Kinachohitajika ni chombo kinachosukuma maji mfululizo, na bila umeme njia rahisi ni ile pampu ya kunyunyizia dawa bustanini, mpya, isiyowahi kuguswa na dawa. Lakini hapa pana mtego. Watu huijaza maji mpaka karibu na shingo, wanaipampu, hita inawaka vizuri, halafu lita mbili baadaye inazimika. Hewa ndiyo springi yako. Chombo cha lita 10 chenye maji lita 8 kina hewa lita 2. Ukiipampu hadi bari 2, zikitoka lita 2 tu za maji presha inashuka hadi nusu bari. Chombo hichohicho kikiwa na maji lita 5, zikitoka lita 2 bado una bari 1 na ushee. Kwa hiyo usijaze zaidi ya nusu, na mwombe mwenzako aendelee kupampu wakati unaoga.

Maji yanatoka lakini si ya moto kama ulivyotarajia? Hita yenye kilowati 10 zinazofika kwenye maji huongeza nyuzi 24 ukiipitishia lita 6 kwa dakika, na nyuzi 48 ukipitisha lita 3. Bana maji kidogo, usiongeze gesi. Na kama imezimika yenyewe baada ya dakika 20, nyingi zina saa ya ndani inayozikata muda huo kwa usalama. Funga, fungua tena.

Tahadhari moja ya wanaojipaka sabuni: ukifunga maji, yaliyobaki ndani ya hita yanaendelea kupikwa na shaba iliyo moto. Ukifungua tena, mkupuo wa kwanza unaweza kuunguza. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde 5 hivi, ya mtoto kwa muda mfupi zaidi. Elekeza mpira pembeni, hesabu hadi tano, ndipo ujimwagie.

Moto wa njano, masizi, kuta zinatiririka, kichwa kinauma

Ukiona dalili hizi acha kila kitu.

Asubuhi moja ya baridi nilichemsha sufuria mbili za maji mfululizo, mlango umefungwa, dirisha la paa nimeliacha wazi upana wa kidole. Kuta zikaanza kutiririka. Hilo lina maelezo rahisi: kilo 1 ya gesi ikiungua hutoa karibu kilo 1.6 za maji kama mvuke. Mwenzangu akasema kichwa kinamgonga, nami changu kilikuwa kizito, na kila mmoja wetu alidhani ni usingizi. Tulipotoka na kukaa hewani, vichwa vikaanza kuwa vyepesi. Hapo ndipo nilipoelewa tulichokuwa tunavuta, na mpaka leo nikikumbuka nilivyotaka kurudi kulala kidogo maji yakichemka, mwili unanisisimka.

Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Dalili zake ni kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Alama yake kubwa ni kwamba wote waliomo wanaugua pamoja na wanapata nafuu wakitoka nje. Ukiona hivyo, toka, zima gesi, na usirudi ndani mpaka hewa ibadilike. Asiyepata nafuu upesi apelekwe hospitali. Moto mzuri ni wa bluu. Ukiwa wa njano, hewa haitoshi au tundu la gesi limechafuka, au sufuria imeukalia moto karibu mno. Milimani hewa nyepesi pia huchangia. Hita ya papo hapo isiyo na bomba la kutolea moshi ni ya nje tu, hata mvua ikinyesha. Mkaa usiingie ndani hata ukiwa umebaki makaa mekundu yasiyotoa moshi. Na funga king'ora cha kaboni monoksidi cha betri karibu na unapolala.

Harufu ya gesi ni jambo jingine. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hujikusanya sakafuni, kwa hiyo tundu la chini la kutolea hewa lisizibwe kwa kuogopa baridi. Tafuta panapovuja kwa povu la sabuni kwenye kila kiungo. Usitumie njiti ya kiberiti kamwe.

Joto la injini halifiki kwenye maji

Waliofunga kibadilisha joto (kifaa kinachohamisha joto la maji ya rejeta kwenda kwenye maji ya kuogea) kwenye mipira ya rejeta hupata maji ya moto bila gharama, injini ikishatembea kama dakika 20 na maji yake kufika nyuzi 90 hivi. Yasipopata moto, shika mpira unaoingia na unaotoka kwa kitambaa. Yote miwili baridi: swichi ya hita ya ndani ya gari imefungwa, au kuna hewa imekwama kwenye mipira. Wa kuingia una moto na wa kutoka baridi kabisa: maji ya rejeta yanapita kidogo mno. Geji ya joto haipandi hata baada ya mwendo mrefu: themostati imekwama wazi, na hilo ni tatizo la gari lenyewe. Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa na moto.

Maji ya kuogea yakianza kuwa na rangi au harufu tamutamu, kibadilisha joto kimetoboka ndani. Kemikali ya rejeta ni sumu. Usioge, usioshee vyombo, badilisha kifaa.

Yalikuwa ya moto usiku, asubuhi yamepoa

Chupa ya chai ya chuma ndiyo ghala bora la joto kwa asiye na umeme, na inafaa hata kwa maji ya kunawia. Isuuze kwanza kwa maji ya moto, ijaze pomoni, funika mara moja. Ukiwa na shaka nayo, mimina maji yanayochemka, funga, subiri dakika 10, kisha pitisha kiganja kwa nje polepole kuanzia kitako hadi shingo. Shingoni kidogo patakuwa na joto, ni kawaida. Lakini ukisikia vuguvugu ubavuni au kitakoni, ile nafasi tupu kati ya kuta mbili imeingia hewa, na haitengenezeki.

Maji yana harufu, au hita inavuja baada ya usiku wa barafu

Maji ya uvuguvugu, kati ya nyuzi 20 na 45, ni mahali bakteria wanapopenda kuzaliana, pamoja na wale wa lejionela wanaoingia mapafuni kwa njia ya matone ya bafu. Mwaga yaliyobaki kwenye mfuko au bomba kila siku, na uviache vyombo hivyo vikauke midomo ikiwa wazi. Ya mfuko mweusi usinywe.

Hita iliyoachwa na maji usiku wa barafu hupasuka shaba yake, na utagundua tu ukiifungulia asubuhi matone yakitoka tumboni. Fungua kizibo cha chini uimwage kila jioni, kisha uiinamishe pande zote mbili, kwa sababu kwenye kona za bomba lake hubaki maji ambayo hayatoki ikiwa imesimama wima.